Si msuguano unaoichoma roketi

Juzi tena, safari hii kijiweni kwetu Chikongola, kahawa ikiwa ndiyo kwanza imemiminwa. Kijana alituonyesha kwenye simu picha za Hopper2, chombo cha majaribio ya kipande cha juu cha roketi cha Stoke Space, kampuni changa ya Marekani, kilichopaa mita 9 hivi Septemba 2023 kikatua chenyewe. Mzee mmoja akasema: "Mbona kitako kipana hivyo? Wangekichonga kama mshale kisisuguane na hewa, kisingeungua kikirudi." Wote wakaitikia, hata mwalimu wa fizikia. Hapo nikashindwa kunyamaza.

Kazi yangu ni kompresa, mashine za kugandamiza gesi. Bomba linaloingia kwenye kompresa unalishika. Linalotoka linakubabua kiganja, na gesi ni ileile. Nikaazima pampu kwa fundi baiskeli wa jirani. "Mwalimu, ziba mpira kwa kidole gumba, kandamiza kwa nguvu." Hakufika mara kumi akaiachia, chini inachoma. Ilipopoa nikamwambia apampu bila kuziba. Pistoni ileile, ukuta uleule, msuguano uleule. Akaishika bila taabu. Kinachochoma ni hewa kugandamizwa.

Chombo kinachorudi kutoka mzingoni kinakwenda karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Inagandamizwa mpaka inafika maelfu ya nyuzi. Ukichonga ncha, moto huo unakaa juu ya ncha yenyewe. Ukiacha kitako butu, wimbi la mshtuko, yaani ukuta wa hewa iliyogandamizwa, linasimama mbele yake, na joto kubwa linapita pembeni na kubaki hewani. Mhandisi Mmarekani H. Julian Allen alilionyesha hili miaka ya 1950, nasi bado tunawaandikisha watoto "msuguano"! Msuguano upo, hasa ubavuni, sikatai. Ila si wenyewe wenye kazi.

Na ndipo ugumu wote ulipo. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, imekuwa ikirudisha kipande cha chini tangu 2015, lakini kipande hicho huachana na mwenzake kwenye kilomita 2 hivi kwa sekunde. Cha juu hutupwa kila safari. Mwendo mara nne, nishati ya kuiondoa mara kumi na tano.

Stoke wanataka kukirudisha hicho cha juu, kwa hiyo wanapitisha haidrojeni ya baridi kali kwenye mifereji ndani ya kitako cha chuma. Sufuria yenye maji haiungui jikoni; yakikauka, harufu unaipata ukiwa uani.

Ninaipenda njia hii, ila mishono inanitia hofu. Nimebadilisha mirija ya vipoozeo iliyopasuka penye kulehemewa, kwa tofauti ya joto isiyofika nyuzi mia mbili. Kitako kile kina haidrojeni ya nyuzi 253 chini ya sifuri upande mmoja, na upande wa pili moto ule. Safari ya kwanza naamini kitarudi kizima. Ya ishirini ndiyo ninayoisubiri.