"Mwalimu, nikipata vifaa nitaanza"

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja darasani kwangu, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Akanisalimu vizuri, kisha akasema: "Napenda sana kuchora, mwalimu, ila nasubiri nipate kishikwambi na rangi za maana." Nikamuuliza anasubiri tangu lini. Miaka miwili! Nikampa kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji, nikamwambia haondoki kabla hajachora kiatu chake.

Nafundisha uchoraji, na hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Dhana: Ubunifu huanza vifaa vikikamilika

Ukweli: vifaa hufuata kazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa vitu vya fundi wa kawaida: hadibodi ya ujenzi na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972. Miaka minne hivi ya kuchora, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mng'ao tunaoutambua katika picha zile ulitoka kwenye hiyohiyo rangi ya baiskeli. Na akina mama wa Iringa wanaosuka vikapu, milulu yao, yaani nyasi za kusukia, inaota kwenye majimaji, si dukani.

Tena kifaa cha bei kina mzigo wake. Mwanafunzi anahangaika mwezi mzima na programu, jicho lake bado halijajifunza kutazama. Mkaa hauna rangi, kwa hiyo unakulazimisha kuona mwanga na kivuli, na hapo ndipo uchoraji ulipo. Chagua mkaa laini, ule mgumu unakwaruza karatasi. Ukimaliza, pulizia dawa ya nywele kidogo kwa mbali ili mchoro usifutike.

Ninachowaagiza wote ni hiki: daftari la kurasa 48 na penseli ya 2B, vikae mfukoni. Mchoro mmoja kila siku, kabla hujashika simu, na ufutio uache nyumbani. Ukiwa kwenye daladala kutoka Uyole, chora mikono ya abiria. Mikono haikusemi ukikosea. Madaftari matatu yakijaa, njoo tuzungumzie kishikwambi.

Dhana: Siwezi kufanya kazi hisia haijaja

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na katika miaka hiyohiyo ya ajira alikuwa akitunga. Weka saa yako. Mimi naanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba, ningesubiri hisia nisingetoka kwenye blanketi.

Dhana: Ni kipaji cha kuzaliwa

Naikataa kabisa. Wenye mikono myepesi nimewaona wengi wakiacha mapema, na wazito wakibaki hadi wakaiva.

Dhana: Kuiga ni wizi

Kuiga ili ujifunze ni shule. Andika pembeni jina la mwenye kazi, na usiiuze.

Dhana: Bangi hufungua akili

Hapana. Nimepoteza wanafunzi wazuri kwa maneno haya, na sitaki kuyasikia darasani kwangu.

Dhana: Lazima uhamie Dar

Dar kuna wanunuzi, hilo sibishi. Lakini cha kuchora mnacho huku Nyanda za Juu Kusini: ukungu juu ya mlima Loleza, migomba ya Tukuyu, nguzo za udongo za Isimila. Inaniuma kumkuta mchoraji wa Iringa mjini ambaye hajawahi kufika Isimila na penseli, na si mbali. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini na vivuli vya nguzo vikiwa virefu. Ukichelewa hadi saa sita, jua la utosini linafuta vivuli vyote na nguzo zinaonekana bapa.