Mimba ya wiki 22 na mtoto hachezi: kimya kipi kikutie wasiwasi?

"Sista, juzi alicheza vizuri, jana kidogo, leo kimya kabisa." Mama akiniambia hivi, mimi humjibu kwa swali: mimba ina wiki ngapi? Wengine huona nawazungusha, lakini jibu lote limekaa hapo.

Kati ya wiki ya 18 na 22, siku nzima inaweza kupita kimya na mtoto akawa mzima. Mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huanza kumsikia karibu na wiki ya 20. Aliyekwisha kuzaa anaweza kumsikia tangu ya 16, maana anajua anachokisikilizia. Mtoto bado mdogo, ana nafasi ya kujigeuza atakavyo, na akipiga teke kuelekea mgongoni mama hasikii. Kondo la nyuma nalo likijishika upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, linakaa kama godoro kati ya mtoto na ngozi ya tumbo. Nimewaona akina mama chumba cha ultrasaundi wakimtazama mtoto anarusha miguu kwenye skrini, huku wananiuliza, "Mbona mimi sisikii kitu?"

Kuanzia wiki ya 24 hivi habari inabadilika. Mtoto anaanza kuwa na tabia zake: huyu huchangamka mama akishakula, yule mama akijilaza usiku. Hadi kufika wiki ya 28 mazoea hayo yameshajengeka. Hulala pia, kwa kawaida dakika 20 hadi 40, mara chache zaidi ya 90. Kuna wanaofundisha kuhesabu mateke 10 kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 uliacha zoezi hilo libaki kwenye utafiti tu. Anayependa kuhesabu simkatazi, ila kwangu mama akisema "leo si yule ninayemjua" ananiambia mengi kuliko karatasi ya hesabu.

Na kuna sababu ya kumsikiliza. Mtoto asiyepata oksijeni ya kutosha kupitia kondo hubana matumizi: damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, mikono na miguu inatulia. Presha ya mimba inaweza kulidhoofisha kondo, na malaria vilevile, hata mama akiwa hana homa.

Mashoga zako watakwambia kunywa soda baridi usubiri kesho. Soda haitibu kondo, na hiyo kesho ndiyo inayonitisha. Kama ulikuwa na pilikapilika na huna hakika, lalia ubavu, weka mkono tumboni, mpe saa mbili za utulivu. Lakini kama umeshajua amebadilika, usilale. Nenda, hata kama ni usiku. Ukiona damu, maji yanavuja, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, hapo hakuna kusubiri, mimba iwe ya wiki yoyote ile.

Ukifika tutapima presha, mkojo na urefu wa tumbo, kisha moyo wa mtoto. Wengi wetu bado tunatumia fetoskopu ya Pinard, ile honi ndogo iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1895. Sikio likiwa kwenye honi, vidole vyangu viko kwenye mkono wa mama vikifuata mapigo yake, kwa sababu moyo wa mama nao husikika tumboni. Wa mtoto hukimbia mara 110 hadi 160 kwa dakika. Vile vidopla, vifaa vya kusikilizia moyo wa mtoto nyumbani vinavyouzwa mitandaoni, sivipendi kwa sababu hiyohiyo: mama anasikia mapigo yake mwenyewe, anapumua, anaghairi safari ya kliniki.

Usitarajie kufungwa mikanda ya mashine ya kurekodi mapigo kabla ya wiki ya 28. Usomaji wake katika umri huo hupotosha. Ila kama wiki 24 zimetimia na hujawahi kumsikia hata mara moja, omba rufaa ya ultrasaundi.

Na ukiambiwa yuko salama, kisha wiki mbili baadaye akapunguza tena, rudi bila kuona haya. Mara ya pili huwa naichukulia kwa uzito zaidi kuliko ya kwanza, na hapo nitataka kujua kama anakua inavyotakiwa.