Gwanda ni vazi gani?

Ukisikia kwamba fulani "amevaa gwanda", picha inayokujia ni ya askari: shati zito lenye mifuko ya kifuniko kifuani, suruali yenye mifuko mikubwa mapajani, magoti yameshonwa kitambaa maradufu, pindo limechomekwa ndani ya buti. Ni nguo ya kutambaa, kuchimba handaki na kubeba mizigo. Ile ya gwaride, yenye vifungo vinavyong'aa, watu huiita sare tu. Muuguzi naye ana sare, lakini hakuna atakayesema amevaa gwanda, labda kwa utani.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe halikuzaliwa kambini. Kamusi za zamani zinaeleza gwanda kuwa kanzu fupi sana, inayoishia chini kidogo ya kiuno. Nadhani ni ule ufupi uliolivusha: shati la askari nalo huishia hapo hapo, wala halimkwazi mtu akikimbia.

Kisarufi ni gwanda la, magwanda ya. Wingi ndio unaotumika zaidi, kwa kuwa shati na suruali huenda pamoja. Tanzania utasikia pia kombati, na yale yenye rangi za kujificha porini huitwa magwanda ya mabaka. Kaki ni rangi, si vazi. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, nalo lilienea kupitia jeshi la Waingereza huko India katika karne ya 19.

Neno limepata na maana ya mbali. Kuvua gwanda ni kuacha jeshi. Kwenye siasa za Tanzania, chama tawala, CCM, kilipotangaza kujivua gamba, yaani kujisafisha, mwaka 2011, wapinzani wao CHADEMA, ambao viongozi wao walizoea kuvaa kombati za kaki, walijibu kwa "vua gamba, vaa gwanda". Kibwagizo kilinoga kwa sababu ya ule mgongano wa gamba na gwanda, na pia kwa sababu gwanda linabeba wazo la mtu aliye tayari kwa kazi.

Lakini kulivaa kweli ni jambo jingine. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba wasalimishe sare za jeshi, pamoja na nguo zinazofanana nazo. Kwa hiyo lile koti la mabaka la mtumbani, hata kama muuzaji anaapa ni fasheni tu, liache hapo hapo.