Gobi wa vijito vya visiwani: kwa nini hawawezi kuwa kama sambaza

Gobi ni samaki wadogo wa mtoni; sambaza ni dagaa wa ziwa Kivu. Haya ni madai yanayosemwa juu ya gobi, na jibu la kila moja.

“Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959 wakazoea. Basi na gobi watazoea vijito vya Kabare, karibu na Bukavu.”

Hapana, na hili ndilo kosa zito kuliko yote. Sambaza huzaliwa, hukua na kuzaa ndani ya ziwa hilohilo. Gobi mzima naye huishi mtoni na kubandika mayai chini ya mawe, lakini kitoto chake, chenye milimita chache tu, lazima kichukuliwe na mkondo hadi baharini ndani ya siku chache. Bila maji ya chumvi hakikui, kinakufa. Kule Komoro, Réunion au São Tomé, mlima na pwani ni jirani. Maji ya Bukavu hushuka Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, kisha mto Kongo: maelfu ya kilomita mpaka Atlantiki. Hata ukileta gobi mia, watazeeka bila kizazi.

“Hupanda maporomoko kwa kuruka.”

Hapandi hivyo. Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana yakawa kikombe kinachonata mwambani. Sicyopterus stimpsoni wa Hawaii hushika kwa mdomo, halafu kwa kikombe, zamu kwa zamu. Lentipes concolor, gobi mwingine wa Hawaii, hujisukuma kwa mapezi ya ubavuni, kisha hunata tena. Anapatikana hata juu ya maporomoko ya Akaka kisiwani humo, yenye urefu wa mita zipatazo 135. Kinachohitajika ni mwamba uliolowa. Ukuta wa bwawa uliokauka, au ukingo uliochomoza maji yakadondoka hewani, humkatisha safari.

“Bichiques wa Réunion ni dagaa wa baharini.”

Ni vitoto vya gobi, hasa Sicyopterus lagocephalus, vikirudi mtoni baada ya miezi kadhaa baharini. Mitego ikiziba mdomo wa mto, huko juu hapapandi kitu.

“Tanganyika pia kuna gobi.”

Yule Eretmodus ambaye wauzaji humwita gobi si gobi, ni jamaa wa tilapia.

“Nunua gobi asafishe tangi jipya la vioo.”

Tangi jipya halina chakula chake. Gobi aina ya Sicyopterus na Stiphodon hukwangua mwani laini juu ya mawe; wakikosa, tumbo linabonyea taratibu na mwenye tangi hashtuki mpaka wamekufa. Weka mawe ya mto kwenye beseni la maji juani wiki mbili hadi tatu, mpaka yawe ya kijani na kuteleza, uyaingize kwa zamu. Maji yawe nyuzi 22 hadi 26, pampu itoe mkondo wa kweli, na mfuniko usiache pengo, maana kioo kilicholowa anakipanda kama mwamba.