Bektesti: usahihi wa programu na kasi yake hupimwaje

Bektesti ni kuchukua mkakati wa kununua na kuuza, wa hisa au wa sarafu, na kuupitisha kwenye bei za miaka iliyopita ili uone ungekuletea nini. Programu hujifanya iko mwaka 2012, husoma bei moja baada ya nyingine, hununua na kuuza kwa kanuni ulizoipa, kisha hukuletea hesabu. Hapa Kisumu vijana wanaofanya foreksi, yaani biashara ya sarafu za kigeni, kwa simu huniuliza kwanza ni programu ipi yenye kasi. Mimi huwapeleka kwanza sokoni Kibuye.

Ukinunua mahindi kwa gorogoro, hujali muuzaji anachota upesi kiasi gani. Unatazama kitako cha mkebe, kama kimebonyezwa kuingia ndani. Ukibaki na shaka, unamimina mahindi kwenye mizani: ni kilo mbili au si kilo mbili. Programu ya bektesti nayo hupimwa kwa kuipa kazi ambayo jibu lake umeshalijua.

Chukua karatasi. Tuseme umenunua hisa 100 kwa shilingi 20, ukaziuza kwa 21, na dalali anakata asilimia 2 kila upande. Umetoa 2,000 na ada ya 40. Umepokea 2,100 ukakatwa 42. Faida ni shilingi 18, si 100. Ipe programu bei hizo hizo. Ikileta 100, imesahau ada. Ikileta 58, imekata upande mmoja tu. Fanya hivyo kwa biashara kama kumi ulizozikokotoa kwa mkono kabla hujaiamini kwa elfu kumi.

Kosa baya zaidi, nalo ndilo linalodanganya watu kwa matokeo matamu, ni kuchungulia kesho. Mkakati unasema: nunua bei ya kufunga ya leo ikipita wastani wa siku 20. Bei ya kufunga hujulikana jioni, lakini programu iliyoandikwa vibaya inanunua kwa bei ya asubuhi ya siku ile ile. Hilo utaliona kwenye orodha: bei ya ununuzi ni ya asubuhi, kabla ya ishara ya jioni. Kuchungulia siku za mbele zaidi nako kugundua ni rahisi. Endesha jaribio kwa data yote, andika siku zote ilizonunua. Kisha kata data katikati, uendeshe tena. Manunuzi yaliyo kabla ya ulipokata hayapaswi kubadilika hata moja. Yakibadilika, programu ilikuwa inasoma bei ambazo wewe siku hiyo usingekuwa nazo.

Kuna na fumbo la mshumaa mmoja, yaani alama inayoonyesha bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga ya kipindi kimoja. Umenunua kwa 100, unataka kuuza ikifika 103, na kikomo chako cha hasara ni 98. Mshumaa wa siku hiyo unaonyesha bei ya chini 97 na ya juu 104. Ilianza kushuka au kupanda? Mshumaa hausemi. Programu moja itakuandikia faida ya 3, nyingine hasara ya 2, na zote zimesoma data ile ile. Iliyo makini hushuka hadi bei za dakika, au ikizikosa huchukua lile baya. Soma maelezo yake ujue inachagua lipi. Nikikuta hayasemi, programu hiyo naiacha.

Na kikomo chenyewe si ahadi. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro, iliyokuwa imeishikilia tangu Septemba 2011. Yuro iliporomoka kwa dakika chache, na wengi walifungiwa biashara zao mbali sana chini ya vikomo walivyoweka. Pitisha siku hiyo kwenye programu yako. Ikikuonyesha umetoka pale pale kwenye kikomo, bila pengo, ujue hesabu yake ya hasara ni ya ndotoni.

Data nayo hudanganya hata programu ikiwa safi. Ukijaribu mkakati kwa kampuni zinazouzwa leo tu katika soko la hisa la Nairobi, humo hutaikuta Mumias Sugar, ambayo watu wa huku magharibi wanaikumbuka vizuri: iliingia sokoni mwaka 2001, ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019. Kuziacha kampuni zilizoanguka kunaufanya mkakati wa kununua uonekane hodari kuliko ulivyo. Saa pia. London ikifungua saa mbili asubuhi yao, kwetu ni saa nne majira yao ya joto, na saa tano majira ya baridi. Programu isiyojua hilo inakosea saa nzima kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Sasa kasi. Foreksi huenda siku tano usiku na mchana, yaani dakika 7,200 kwa wiki, karibu 374,000 kwa mwaka. Miaka kumi ni mishumaa ya dakika moja moja milioni 3.7 hivi. Programu ikiimaliza kwa sekunde 4, inasoma zaidi ya mishumaa 900,000 kwa sekunde. Ukitaka kujaribu michanganyiko 400 ya vipimo vya mkakati, kama idadi ya siku za wastani, hiyo ni chini ya nusu saa. Programu ya sekunde 60 itakuchukua karibu saa saba. Tofauti hiyo ni ya maana, hasa kama kompyuta ni ya saiba na unalipa kwa saa.

Ila pima vizuri. Muda wa kusoma data kutoka kwenye diski uuandike mbali na muda wa kukokotoa. Rudia mara tano au zaidi, chukua ya katikati, kwa sababu mara ya kwanza huwa nzito. Tumia kompyuta ile ile, data ile ile, mkakati ule ule. Kisha panga orodha za biashara za programu zote mbili ubavu kwa ubavu: tarehe, bei, ada. Mstari wa kwanza usiofanana ukitokea, simamisha saa, tafuta kwanza ni ipi iliyokosea.