“Analipwa Kutazama Mazombi”: Dhana Potofu Kuhusu Waandishi na Watengenezaji wa Makala za Filamu za Kutisha na za Ngumi

Kuna kazi katika tasnia ya filamu ambayo wengi tunafaidi matunda yake bila kujua inafanywaje. Ni kazi ya mwandishi wa habari za burudani anayefuatilia filamu za kutisha, za ngumi, za maninja na za viumbe wa sayari nyingine, kisha anazitengenezea filamu za makala (documentary). Hizi ndizo picha zilizojaza vibanda umiza vyetu, zile ambazo stelingi hafi hata amiminiwe risasi kiasi gani. Tumezipenda sana. Ila mtu akiamua kuzifanya kazi ya maisha yake, anaonekana hana kazi. Mengi yanayosemwa juu yake si kweli, na yanafanya kazi nzuri idharauliwe.

“Ni shabiki tu mwenye kamera”

Ushabiki lazima uwepo. Bila huo hakuna atakayevumilia miaka ya kutafuta kanda zilizopotea na wazee waliohama miji. Lakini ushabiki pekee haumalizi hata dakika kumi za filamu.

Mchukue Mark Hartley wa Australia. Alikuwa akiongoza video za muziki, na moyoni alikuwa na filamu za bei nafuu zilizotengenezwa nchini mwake miaka ya 1970 na 1980, ambazo wahakiki wengi wa huko walizionea aibu. Alizifanyia utafiti kwa miaka, akaandika rasimu ndefu na kumtumia mwongozaji wa Marekani Quentin Tarantino, ambaye alijulikana kuzipenda. Tarantino akakubali kuhojiwa. Matokeo yake ni *Not Quite Hollywood* ya 2008, ambamo makumi ya waongozaji, watayarishaji na waigizaji wanasimulia walivyofanya kazi.

Ndani yake imo habari ya *The Man from Hong Kong*, filamu ya mapigano ya 1975 iliyoongozwa na Brian Trenchard-Smith. Kwenye pambano kubwa, koti la George Lazenby, yule aliyewahi kucheza James Bond, linashika moto. Ulikuwa moto wa kweli, na ulimuunguza mkono. Mtazamaji anaona sekunde chache na kushangilia. Mwandishi anayeijua kazi yake anabaki na maswali: nani aliwasha, nani alikuwa na blanketi pembeni, mwigizaji aliambiwa nini kabla, na ilikuwaje akakubali? Majibu yamo vichwani mwa watu waliokuwepo siku ile, na watu hao wanazeeka. Grant Page, mtaalamu wa matukio ya hatari aliyefanya kazi katika nyingi ya filamu hizo, alifariki 2024. Aliyemwahi kwa maswali alimwahi. Wengine tunategemea alichorekodi mwenzetu.

Au mtazame Alexandre O. Philippe, mzaliwa wa Uswisi. Mwaka 2017 alitoa filamu ya makala ya saa moja na nusu kuhusu tukio moja tu: mauaji ya bafuni katika *Psycho* ya 1960. Jina lake, *78/52*, ni hesabu ya mipangilio 78 ya kamera na mikato 52 ya picha inayohusishwa na tukio hilo. Damu inayotiririka kwenye beseni ni sharubati ya chokoleti, kwa sababu kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe inaonekana vizuri zaidi. Kuhesabu mikato, kuwasikiliza wahariri wakieleza kwa nini kila mmoja uko pale, kisha kumfanya mtazamaji asichoke, huo ni ufundi unaosomewa kwa miaka.

“Anayezipenda hawezi kuzisema ukweli”

Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi, kwa kuwa inamgeuza mwandishi kuwa mpiga debe. Ni kweli wapo wapiga debe. Video nyingi za nyuma ya pazia hulipiwa na kampuni yenyewe, na humo kila mtu alikuwa “kama familia”. Lakini waliobobea hawafanyi hivyo, na mfano bora ninaoujua ni habari ya kampuni ya Cannon.

Hata kama jina hilo hulijui, picha zake huenda unazijua: *American Ninja* ya Michael Dudikoff, *Missing in Action* na *The Delta Force* za Chuck Norris, *Bloodsport* iliyomtambulisha Van Damme. Wenye kampuni walikuwa mabinamu wawili kutoka Israel, Menahem Golan na Yoram Globus, walioinunua mwaka 1979 na kuanza kufyatua filamu mfululizo hadi mambo yakawaharibikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hartley alipoanza kuwatengenezea makala, aliwaomba wazungumze. Wakakataa, wakashiriki katika makala nyingine kuhusu maisha yao, *The Go-Go Boys*, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2014. Ya Hartley, *Electric Boogaloo*, ilifuata Agosti mwaka huohuo, na mwishoni inamweleza mtazamaji waziwazi kwamba wahusika walimtangulia.

Tazama jinsi alivyofanya. Hakuwanyamazisha walioumizwa: waliokuwa wafanyakazi na waigizaji wa Cannon wanaeleza ubahili, haraka, na ahadi zisizotimia, mmoja baada ya mwingine wakiiga lafudhi ya Golan. Lakini pia hakuficha kwamba ni hawahawa mabinamu waliompa pesa mwongozaji aliyeheshimika John Cassavetes atengeneze *Love Streams*, waliotoa *Runaway Train* iliyoteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar, na ambao mkataba wao na Jean-Luc Godard, mwongozaji mwingine mwenye heshima kubwa, uliandikwa juu ya kitambaa cha karatasi cha mezani huko Cannes. Anayedharau filamu hizi angeishia kwenye kicheko. Mwenye kuzipenda ndiye aliyekuwa na subira ya kuonyesha pande zote mbili. Golan alifariki Agosti hiyohiyo ya 2014, na sauti yake haimo kwenye mazungumzo mapya ya filamu ya Hartley. Ni pengo linaloonekana, na aliyelitazama ataelewa thamani ya mahojiano yanayopatikana mapema.

“Sekunde thelathini hazina kesi”

Wengi huamini kwamba ukitumia kipande cha filamu ya mtu kisichozidi sekunde thelathini, huwezi kushtakiwa. Hakuna sheria inayosema hivyo. Marekani, sheria ya hakimiliki ya 1976 inaruhusu “matumizi ya haki” (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake, kwa ajili ya uhakiki, habari au utafiti, lakini haitaji idadi ya sekunde. Kinachoangaliwa ni kipande kimetumika kwa kusudi gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, kimechukuliwa kiasi gani, na kama kinamharibia mwenye mali soko lake. Hata pale mtengenezaji anapokuwa na haki, bima na vituo vya televisheni hudai kwanza maoni ya mwanasheria. Na nchi nyingine zina sheria tofauti. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ni barua pepe za kuomba ruhusa, ambazo hakuna anayeziona kwenye skrini.

“Zenyewe ni takataka, nani atazikumbuka?”

*Night of the Living Dead*, filamu ya mazombi ya George Romero, ilitengenezwa Pennsylvania kwa pesa kidogo na kutoka mwaka 1968. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki likasahaulika kuandikwa kwenye nakala. Kwa sheria ya wakati ule, filamu ikawa mali ya umma papo hapo, na kila mtu akaweza kuiuza. Mwaka 1999 iliingizwa kwenye rejista ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani.

Stelingi wake ni Duane Jones, mwigizaji mweusi, anayepambana usiku kucha na asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa. Ilitoka Oktoba, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa. Makala ya *Horror Noire* ya 2019, iliyotokana na kitabu cha msomi Robin R. Means Coleman, inatumia mifano kama hiyo kueleza watu weusi wamechorwaje katika filamu za kutisha kwa karibu karne nzima. Sijui darasa gani la historia lingeeleza habari hiyo kwa mvuto wa namna hiyo.

“Lazima usome chuo cha filamu ng’ambo”

Dario Argento, mwongozaji wa filamu za kutisha wa Italia, alianza kama mhakiki wa gazeti mjini Roma. Mwongozaji wa Marekani Joe Dante alianza kwa kuandikia magazeti ya filamu za kutisha akiwa kijana mdogo. Kier-La Janisse wa Kanada alikuwa mwandishi na mwandaaji wa maonyesho ya filamu. Makala yake kuhusu filamu za kutisha zenye mila na imani za vijijini, iliyotoka 2021, ilianza kama nyongeza fupi ya diski ya filamu moja, ikaishia kupita saa tatu.

Na si lazima somo liwe la ng’ambo. Huko mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza *Who Killed Captain Alex* mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Nakala halisi haipo: ilifutwa kwenye kompyuta ili filamu iliyofuata ipate nafasi. Kilichobaki ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie anayesimulia na kutania juu ya picha. Baadaye Cathryne Czubek alitengeneza *Once Upon a Time in Uganda* kuhusu studio ya Nabwana, ikazidi kuzifikisha mbali habari zake.

Tanzania tulikuwa na Lufufu, aliyetafsiri picha za ngumi kwa sauti yake hadi watu wakamfuata yeye kuliko stelingi. Tulikuwa na filamu za kutisha za Mussa Banzi, *Nsyuka* ya 2003 na *Shumileta* ya 2005. Mwandishi wa burudani anayetafuta pa kuanzia aulize haya: kanda mama za picha hizo ziko wapi, nani alimpaka jini rangi usoni, taa zilitoka wapi, na walionunua kopi Kariakoo walilipa shilingi ngapi.