Maziwa hayatoi vumbi la mawe kifuani

"Kunywa maziwa, vumbi litatoka."

Hii ndiyo inayosikika sana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wa Nzega mkoani Tabora wakiwemo. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Jiwe la dhahabu mara nyingi lina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, kwa wingi, na likisagwa kavu hutoa chembe zisizofika mikromita 4 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele una kama 70. Chembe hizo huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa. Chembe inabaki na kumezwa na seli nyingine. Vurugu hiyo isiyokwisha inaweza kuufanya mfumo wa kinga uugeukie mwili wenyewe.

"Vumbi linaumiza mapafu tu."

Silikosisi, yaani makovu ya mapafu yatokanayo na silika, na kifua kikuu vinajulikana. Ila baridi yabisi inayovimbisha viungo, lupasi, ambamo kinga hushambulia sehemu nyingi za mwili, na skleroderma, inayokaza ngozi ya vidole, nazo huwapata zaidi waliovuta silika. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliripoti skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Skleroderma mara nyingi huanza na vidole kupauka na kufa ganzi vikiguswa na maji ya baridi. Kwa ngozi nyeusi, tazama kucha na viganja. Ukienda hospitali taja kazi yako na miaka uliyoifanya hata usipoulizwa, maana makohozi peke yake hayatamwambia daktari hayo.

"Nimejifunga kitambaa, inatosha."

Haitoshi, chembe hizo hupenya katikati ya nyuzi. Anza na maji: bomba linyunyizie mdomo wa karasha, mashine ya kusaga mawe, muda wote mashine ikizunguka. Ndoo moja ya asubuhi ni bure, kwa kuwa jiwe likipasuka ndani yake ni kavu. Usifagie vumbi bila kulilowesha. Kisha vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya N95 au FFP2, mikanda yote miwili, kibati kikibanwa puani. Ndevu huacha mwanya. Nguo za kazi ziloweshwe kabla ya kufuliwa. Anayezikung'uta nyumbani anavuta vumbi lile lile.

"Ni baridi iliyoingia mifupani."

Baridi huamsha maumivu, haianzishi ugonjwa. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, kapime.

"Kuchuma tumbaku kunaleta baridi yabisi."

Kichefuchefu na kizunguzungu cha wachumaji wa Urambo au Kaliua, majani yakiwa na umande, ni nikotini iliyopita kwenye ngozi. Ni jambo jingine. Kuvuta sigara ndiko kunakoongeza hatari ya baridi yabisi, na mvutaji anayekula pia vumbi la karasha yuko pabaya zaidi.

"Wenzangu wamesaga miaka 20, wazima."

Kweli, wengi hawaugui. Urithi una sehemu yake. Lakini magonjwa haya huwapata wanawake kuliko wanaume, na mama anayeponda mawe kwa nyundo, mtoto mgongoni, ndiye asiyepewa barakoa.